Tazama: Kileo, Ndewirwa

Asubuhi Mawenzi imevaa wingu hadi kiunoni.
Nafungua maktaba, nawasha kompyuta,
orodha inanisubiri kama wadai mlangoni:
viungo mia mbili na kumi na viwili vimekufa.

Viungo, nasema kwa sauti.
Kavishe wa getini anadhani naongelea pilau.
"Iliki au mdalasini?"
Ni njia, namwambia. Unabonyeza hapa, unatokea kule.
"Na ukitokea kule hamna mtu?"
Ndiyo kazi yangu, Kavishe. Kule hamna mtu.

Saa nne nimefika kwenye K.
Kileo, Ndewirwa. Kuzaliwa 1938.
Vijitabu saba, vyote vya mifongo:
nani alichimba, Jumanne ni zamu ya nani,
banio liliegemea jiwe gani.
Kimoja kaandika N. Kileo,
kingine Ndewira, mchapaji kala herufi,
na kile cha kwanza, chenye jalada la karatasi ya sukari,
ni Mama Anande tu, kama walivyomwita sokoni Kiboriloni.
Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimkuta kwenye rafu ya pombe,
kisa jina.
Mlokole yule! Nikacheka peke yangu, nikamhamisha.

Wanawake watatu waligeuka mmoja
nilipowaandikia amri ndogo:
Mama Anande, tazama Kileo, Ndewirwa.
Tazama. Neno lile lina adabu ya mtu
anayekusindikiza mpaka njia panda.

Na kiungo chake nilikiweka pale, kwenye jina,
sikukibandika kitabu kwa kitabu.
Mkuu alihoji. Nikamjibu kwa hoja ya vijitabu vyenyewe:
mashamba saba hayachimbiwi mito saba.
Banio ni moja.
Likiziba, unapanda mara moja, na jembe lako.

Leo nimepanda.
Hata hakikuwa kwenye orodha; programu ilikikagua
ikaandika: kizima.
Nilibonyeza kwa kumkumbuka tu,
ukurasa ukafunguka kwa kelele,
mpira, bonasi, weka buku uvune milioni,
msichana anakonyeza
pale palipokuwa na ramani ya maji.

Nikampigia Anande.
Kimya. Nyuma yake mashine ya kumenya kahawa.
"Ile anwani niliilipia miaka miwili," akasema.
"Wa tatu ukagongana na ada ya Nkaisa."
Hakuomba radhi, nami sikumdai.
"Wameiiba?"
Wameiokota.
"Na jina la mama bado limo humo?"
Jina liko kwangu, nikamwambia. Kule ni anwani tu.
Nilisema kama mtu anayejua.

Kung'oa ni rahisi. Mstari mmoja, futa, hifadhi.
Lakini dirishani namwona Kavishe akizibua mtaro wa getini,
tope halitupi mbali,
analirundika kando, ndilo ukingo.
Basi anwani ya zamani nikaishusha kwenye maelezo,
maandishi matupu, bila mlango:
Hadi 2019 alipatikana hapa. Sasa pana wengine. Usiifuate.
Chini yake tarehe, na herufi zangu mbili
ili atakayekuja ajue wa kumlaumu.

Umeme ukakatika kabla sijahifadhi.

Nimeandika upya. Mara ya pili imekuwa fupi zaidi,
na "usiifuate" nimeiondoa; watu wazima hawa.

Anande anasema Jumamosi atashuka na flashi
yenye ramani zote, na picha moja:
mama yake kasimama katikati ya banio,
sketi kaikunja, maji magotini, anafoka.
Sijui nitaiweka wapi.
Rekodi ya jina ina nafasi ya mwaka, ya mahali, ya kazi,
haina nafasi ya magoti.

Bado mia na thelathini.
Anayefuata ni Kiwelu, mwandishi wa nyuki.
Kidole kiko juu ya kitufe,
na Kavishe, mikono ina tope, anachungulia mlangoni
kuuliza kama pilau imeiva.